Kupanda Uzani: Muchoki na Wenzake Wakisaka Taji la Dunia

Stephen Muchoki wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka 1978 katika uzani wa flai mwepesi, usiozidi kilo 48. Miaka 4 baadaye, tarehe 5 Novemba 1982, alipanda ulingoni mjini Copenhagen, Denmark, kuwania taji la dunia la ndondi za kulipwa. Safari hii uzani ulikuwa mwingine. Mkanda uliokuwa mezani ni wa flai kamili, ambao kikomo chake ni kilo 50.8. Kilo 2.8 alizokuwa amepanda hazifikii uzito wa pakiti mbili za unga wa ugali, lakini kwa mwanamume wa kilo 48 ni karibu asilimia 6 ya mwili wake wote. Mbele yake alisimama Santos Laciar wa Argentina, bingwa wa Chama cha Ndondi Duniani, WBA.

Kuhama uzani ni miongoni mwa maamuzi mazito kabisa katika maisha ya bondia wa kulipwa. Uamuzi huo ndio unaoamua atapigana na nani, katika nchi gani, kwa malipo gani, na mara nyingi atadumu ulingoni kwa miaka mingapi. Wakenya na Waganda kadhaa waliofika kwenye mapambano ya ubingwa wa dunia walilazimika kuufanya, na matokeo yao yanaonyesha vizuri faida na hasara zake.

Ngazi ya uzani

Mwanzoni mwa karne ya 20 ndondi za kulipwa zilikuwa na madaraja machache. Mwaka 1909 klabu ya National Sporting Club ya London ilipanga madaraja 8 yaliyokubalika kwa mapana: flai, bantam, unyoya, uzani mwepesi, welta, uzani wa kati, uzani mzito mwepesi na uzani mzito. Pengo kati ya daraja moja na jingine lilikuwa kubwa. Kutoka welta, kilo 66.7, hadi uzani wa kati, kilo 72.6, bondia aliruka karibu kilo 6 kwa mpigo.

Baadaye madaraja ya katikati yaliongezwa, yale yenye majina ya "supa" au "mwepesi", mpaka ngazi ikafikia madaraja 17: la chini kabisa lina kikomo cha kilo 47.6, na la juu ni la wanaozidi kilo 90.7. Baraza la Ndondi Duniani, WBC, liliongeza jingine mwaka 2020 kati ya kruza na uzani mzito. Mashirika yanayotoa mikanda nayo yaliongezeka. WBC ilianzishwa mwaka 1963 na kuwa mshindani wa WBA, kisha zikaja IBF mwaka 1983 na WBO mwaka 1988. Leo kila daraja linaweza kuwa na mabingwa wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mkanda wake.

Kwa bondia, kila daraja jipya ni mlango mwingine. Aliyekosa nafasi katika kilo 55 anaweza kuipata katika kilo 57, ikiwa bingwa wa huko yuko tayari kupigana, promota anaweza kulipia pambano, na jina lake limo katika orodha ya wapiganaji bora wa uzani huo. Orodha hiyo ni muhimu, kwa sababu mashirika huchagua humo wapinzani wa mabingwa. Asiyekuwemo hana budi kuanza upya kwa kuwapiga walio chini, isipokuwa kama anakuja na mkanda wa uzani mwingine au na jina linalouza tiketi.

Muchoki kabla ya Copenhagen

Muchoki aliibuka wakati ndondi za ridhaa za Kenya ziliposhamiri. Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama Kaloleni, Muthurwa, Pumwani na Mathare, ililea mabondia kizazi baada ya kizazi, na ukumbi wa kijamii wa Kaloleni ukawa mojawapo ya vituo vya mchezo huo. Polisi, jeshi na Magereza nazo zilikuwa na timu zao. Bondia aliyepata nafasi katika timu hizo alipata ajira pamoja na muda wa mazoezi, na kwa kijana wa familia isiyo na uwezo hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1974 Muchoki alishinda dhahabu ya uzani wa flai mwepesi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Mwaka huohuo, katika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana, alifika fainali na kupoteza kwa Jorge Hernández wa Cuba, aliyekuwa akicheza nyumbani. Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya 1976 ingekuwa nafasi ya kulipiza, lakini Kenya iliungana na nchi nyingine za Afrika kuisusia, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hernández akaenda bila Muchoki na kurudi na dhahabu.

Mwaka 1978 Muchoki alipata malipo ya subira. Alitetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, na katika ubingwa wa dunia mjini Belgrade akarudi kusaka taji alilolikosa Havana. Safari hii Mkenya alishinda. Baada ya Belgrade hakukuwa na jambo kubwa lililosalia kwake katika ridhaa isipokuwa Olimpiki, na Olimpiki ya Moscow ya 1980 nayo Kenya haikwenda. Njia iliyobaki ilikuwa ndondi za kulipwa.

Alihamia Denmark, kwa promota Mogens Palle, aliyekuwa tayari amemsimamia Mganda Ayub Kalule hadi ubingwa wa dunia. Huko Ulaya tatizo la uzani lilijitokeza mara moja. Daraja la chini ya flai, la kilo 49, lilikuwa jipya katika ndondi za kulipwa. WBC na WBA zote zilianza kutoa mikanda yake mwaka 1975, na wapiganaji wake wengi walikuwa wa Asia na Amerika ya Kusini na Kati. Katika Ulaya wanaume wa umbo hilo walikuwa wachache, na promota hawezi kumjengea bondia jina bila wapinzani wa kumletea. Flai, ambayo ni mojawapo ya madaraja 8 ya awali, ilikuwa na historia, wapinzani na mikanda ya kieneo. Katika uzani huo Muchoki alitwaa taji la Jumuiya ya Madola, na ushindi huo ukamweka katika safu ya wanaostahili kumpa changamoto bingwa wa dunia.

Kilo zinazokuja na mambo mengine

Anayepanda uzani hupata nafuu moja ya wazi: hahitaji kujinyima chakula na maji ili mizani imkubali. Huingia ulingoni akiwa na nguvu zake zote. Lakini wapinzani wake wapya ni watu walioumbwa kwa uzani huo, au watu ambao kwa kawaida ni wazito zaidi na wamejishusha hadi hapo. Mabega yao ni mapana, mikono mirefu, na wamezoea kupigwa na ngumi za kilo hizo. Konde lililokuwa likiwaangusha watu katika daraja la chini huenda huku juu likamsukuma mpinzani hatua moja nyuma tu. Bondia anaweza kuongeza misuli kwa mazoezi na chakula, lakini urefu wa mkono, upana wa mifupa na uimara wa kidevu haviongezeki.

Kwa anayetoka ridhaa kuna mzigo wa pili, nao ni muda. Pambano la ridhaa la enzi hizo lilikuwa raundi 3 za dakika 3. Pambano la ubingwa wa WBA mwaka 1982 lilikuwa raundi 15. Muchoki, ambaye ufundi wake ulikuwa umenolewa kwa dakika 9, alitakiwa awe tayari kwa dakika 45, akiwa na kilo zaidi za kubeba na mpinzani mwenye nguvu zaidi wa kumsukuma.

Laciar alikuwa mtu mfupi, mnene wa kifua, mwenye kusonga mbele bila kuchoka. Alipata ubingwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 kwa kumshinda Peter Mathebula mjini Soweto, akaupoteza, kisha akaurudisha Mei 1982. Alikuwa amekwisha kuutetea ugenini nchini Venezuela dhidi ya mkongwe Betulio González, na sasa alikuja Denmark kuutetea mbele ya mashabiki waliomjua Muchoki. Mkenya alivumilia raundi 12 nzima. Katika raundi ya 13 refa alilisimamisha pambano, na Laciar akabaki bingwa.

Raundi hiyo ya 13 leo haipo. Siku 8 baada ya pambano la Copenhagen, mjini Las Vegas, Kim Duk-koo wa Korea Kusini alianguka katika raundi ya 14 dhidi ya Ray Mancini, na akafariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza mapambano yake ya ubingwa hadi raundi 12, na mashirika mengine yakaifuata kabla ya muongo huo kwisha. Kama Muchoki angepigana chini ya sheria hizo mpya, kengele ya mwisho ingelia akiwa bado amesimama, na matokeo yangeamuliwa kwa pointi za majaji.

Mwaka 1983 Muchoki alipoteza pia taji la Jumuiya ya Madola kwa Mwingereza Keith Wallace. Laciar aliendelea kutawala uzani wa flai kwa miaka kadhaa, kisha yeye mwenyewe akapanda: mwaka 1987 alishinda mkanda wa WBC wa supa flai kwa kumpiga Gilberto Román wa Mexico.

Waliotangulia na waliofuata

Mkenya Philip Waruinge alikuwa amekwenda upande wa pili, akashuka. Yeye alikuwa bondia wa uzani wa unyoya, kilo 57, mwenye dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola za 1966 na 1970. Katika Olimpiki ya Mexico City ya 1968 alipata shaba, lakini ufundi wake uliwavutia waamuzi kiasi cha kumpa Kombe la Val Barker, ambalo hutolewa kwa bondia mwenye mtindo bora kuliko wote. Mwaka 1972 mjini Munich alipata fedha baada ya kupoteza kwa pointi kwa Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka uliofuata akajiunga na ndondi za kulipwa nchini Japani, akipigana kwa jina la Waruinge Nakayama.

WBC ilipoanzisha daraja jipya la supa bantam, kilo 55.3, mkanda wa kwanza ulishindaniwa tarehe 3 Aprili 1976 nchini Panama kati ya Waruinge na mwenyeji Rigoberto Riasco. Daraja jipya lisilo na bingwa lilimpa Waruinge nafasi ya haraka ya kupigania taji la dunia. Gharama yake ilikuwa kupunguza karibu kilo 2 akiwa na umri wa miaka 31, umri ambao mwili huwa umekwisha kukomaa na haupungui kwa urahisi. Pambano lilisimamishwa kabla ya raundi zote kwisha, na Riasco akawa bingwa wa kwanza wa supa bantam.

Ayub Kalule wa Uganda ndiye aliyepanda kwa mpango mzuri kuliko wote. Mapema 1974 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzani mwepesi, kilo 60. Agosti mwaka huohuo, mjini Havana, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa katika welta nyepesi, kilo 63.5. Alipoanza kulipwa nchini Denmark mwaka 1976 aliendelea kupanda taratibu, na tarehe 24 Oktoba 1979 alimshinda Masashi Kudo mjini Akita, Japani, na kutwaa mkanda wa WBA wa supa welta, kilo 69.9. Kwa miaka mitano mwili wake ulikua pamoja na madaraja aliyopigania, badala ya kurushwa kutoka daraja hadi daraja.

Aliyemvua taji, hata hivyo, alikuwa mtu aliyetoka chini yake. Sugar Ray Leonard wa Marekani, bingwa wa welta, alipanda daraja moja na kumkabili Kalule mjini Houston tarehe 25 Juni 1981. Kalule, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, alisimamishwa katika raundi ya 9. Leonard hakukaa na mkanda huo. Alirudi welta na miezi mitatu baadaye akampiga Thomas Hearns. Mwepesi aliye na mikono ya haraka anaweza kumshinda mzito, lakini lazima kasi yake iwe ya kiwango kisicho cha kawaida.

John Mugabi, Mganda mwingine, hakuwa na kasi ya namna hiyo. Silaha yake ilikuwa konde. Baada ya kupata fedha ya welta katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, aliingia ndondi za kulipwa na kuwashinda wapinzani wake wote wa awali kabla ya kengele ya mwisho, hata mmoja asifike kwenye pointi. Kwa sifa hiyo alipewa nafasi ya kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati, kilo 72.6, mjini Las Vegas tarehe 10 Machi 1986. Makonde yaliyokuwa yakimaliza mapambano yalimfika Hagler, yakamvimbisha jicho, lakini hayakumwangusha. Kuanzia raundi ya 6 Hagler alimrudishia kwa ukali, na katika raundi ya 11 Mugabi alihesabiwa hadi 10.

Miezi tisa baadaye alirudi supa welta kuwania mkanda wa WBC uliokuwa wazi, akaumizwa jicho na Duane Thomas na kushindwa katika raundi ya 3. Hakukata tamaa. Tarehe 8 Julai 1989, nchini Ufaransa, alitwaa mkanda huohuo katika raundi ya kwanza baada ya bingwa René Jacquot kuumia kifundo cha mguu. Terry Norris alimvua taji mwaka uliofuata kwa nokauti ya raundi ya kwanza. Mwaka 1991 Mugabi akajaribu tena uzani wa kati, mjini London, kwa mkanda wa WBO uliokuwa wazi, na Gerald McClellan akammaliza katika raundi ya kwanza. Mara mbili alipanda kilo 2.7 kutafuta taji kubwa zaidi, na mara mbili alishindwa. Ubingwa wake pekee wa dunia aliupata katika uzani uliomfaa.

Nairobi, kilo 55.3

Nairobi kwenyewe pia limewahi kufanyika pambano la aina hii, la bondia anayepanda uzani kuwania taji la dunia, nalo lilikuwa la wanawake. Fatuma Zarika, aliyekulia katika mitaa ya Eastlands, alikwenda Flint, Marekani, tarehe 1 Oktoba 2016 na kumshinda Alicia Ashley kwa uamuzi wa majaji usio wa kauli moja, akawa bingwa wa WBC wa supa bantam. Mpinzani wake katika utetezi wa kwanza nyumbani, Desemba 2017, alikuwa Catherine Phiri wa Zambia.

Phiri alikuwa amewahi kuwa bingwa wa WBC wa bantam, kilo 53.5, kabla ya kuvuliwa taji na Mariana Juárez wa Mexico mapema 2017. Alichotafuta Nairobi ni mkanda wa daraja la pili, ambao ungemfanya bingwa wa madaraja mawili. Pengo lilikuwa kilo 1.8. Mapambano ya ubingwa ya wanawake huwa raundi 10 za dakika 2, kwa hiyo muda haukuwa kikwazo kikubwa kama ilivyokuwa kwa Muchoki. Hata hivyo Zarika, aliyezoea uzani huo, alishinda. Walirudiana Machi 2019 katika jumba la KICC na Zarika akashinda tena. Alikuja kulipoteza taji Novemba 2019 kwa Yamileth Mercado, Mmexico ambaye Zarika alikuwa amemshinda mwaka uliotangulia.

Mizani ya leo

Mambo mawili yamebadilika tangu enzi ya Muchoki. La kwanza ni wakati wa kupimwa. Zamani bondia wa kulipwa alipimwa siku ileile ya pambano. Leo hupimwa siku moja kabla, na kwa hiyo ana saa nyingi za kunywa na kula kabla ya kupanda ulingoni. Wengi hutumia mwanya huo: siku za mwisho hupunguza chumvi na wanga, hukimbia wakiwa wamevaa nguo nzito za kutoa jasho, hukaa kwenye chumba cha mvuke, kisha wakishapimwa hurudisha kilo kadhaa kwa usiku mmoja. Bondia anayepanda daraja hujikuta mbele ya mtu ambaye mizani ilimsoma kilo 55 jana na leo ana kilo 60.

La pili ni tahadhari ya kiafya. Mtu aliyepungukiwa na maji huchoka mapema, na madaktari wa michezo wanahofia kwamba ubongo wake huumia kwa urahisi zaidi akipigwa kichwani. Ndiyo maana WBC huwapima wapiganaji wa ubingwa siku 30 kabla, ambapo hawaruhusiwi kuzidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 10, na siku 7 kabla, kwa asilimia 5. IBF nayo kwa miaka mingi iliwapima tena asubuhi ya pambano, bila kuwaruhusu kuzidi kikomo kwa zaidi ya kilo 4.5. Bingwa anayeshindwa kufikisha uzani hunyang'anywa mkanda kwenye mizani, hata kama pambano litaendelea.

Kwa kijana anayeanza mazoezi katika mitaa ya Nairobi kama Tena, Umoja au Kariobangi akiwa na kilo 48, uzani utapanda wenyewe mwili ukikua. Shirikisho la Ndondi la Kenya husimamia ridhaa, na Tume ya Ndondi za Kulipwa ya Kenya ndiyo inayotoa leseni kwa wanaolipwa. Kabla ya leseni ya kwanza, kocha mzuri humpima akiwa amekula na kunywa vizuri, huangalia urefu wa mikono na kifua chake, na huchagua daraja ambalo anaweza kulifikia kwa kupunguza kidogo bila kujiua kwa njaa. Anapofikiria kupanda, maswali ni yaleyale yaliyomkabili Muchoki: nani anashikilia mkanda huko juu, ana umbo gani, konde linalofanya kazi sasa litamfika kwa nguvu ileile, na mwili umepewa muda wa kutosha kuujua uzani mpya kwa mapambano madogo kabla ya lile kubwa. Kalule alijipa miaka mitano kabla ya Akita, naye, tofauti na Muchoki, Waruinge, Mugabi na Phiri, alifika kwenye mkanda wa dunia wa kulipwa kwa kupanda daraja baada ya daraja.